Punda Wangu Alivyoniletea Kambare Barazani

Leo nimeaibika hadi nikasahau baridi.

Wacha nianzie pale pabaya kabisa, maana video imeshaanza kuzunguka na najua wengine wenu mmeitazama mara mbili. Nimesimama mbele ya chifu. Mkono wangu wa kulia uko juu, kama mtu anayeapa kortini. Nyuma yangu kuna wakulima, wenye ng'ombe, kina mama wa maji, na nusu ya kanisa. Kwenye kiatu cha chifu, kile cheusi alichokipaka rangi asubuhi, amelala kambare. Ni mrefu kama mkono wangu hadi begani, amejaa vumbi na mavi ya mbuzi, na mdomo wake unafunguka na kufungwa kama mtu anayetaka kuchangia hoja. Mdomoni mwake umetoka mshipi. Mshipi umepita chini ya kiti cha mwenyekiti, ukapita katikati ya watu, ukaenda kuishia kwa punda.

Punda ni wangu.

Na mimi ndiyo nimemaliza tu kusema, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, kwamba tangu marufuku ilipotangazwa mkono wangu haujagusa mshipi.

Basi ndiyo huyo mama mnayemwona. Mwenye kofia ya sufu ya rangi ya chungwa na sweta mbili. (Ya juu nimeivaa ndani nje. Siku ikikukataa inakukataa na nguo zako.)

Sasa nirudi nyuma, mjue nani alifanya nini. Nitataja majina. Mimi sikusoma sana, darasa la nne nililimaliza kwa kusukumwa, lakini majina ya watu nayajua.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: bwawa letu liko bondeni, ukitoka Migwani unateremka kwa miguu kama saa moja. Watu wa mbali hufikiri Ukambani ni jua tu mwaka mzima. Waje sasa, mwezi wa saba. Ukungu unalala juu ya maji hadi saa tano. Jua likitoka linatoka kama mtu aliyelazimishwa, linaangalia, linarudi. Upepo unavuka bwawa kutoka upande wa milima na kuamsha mawimbi, madogo lakini yenye hasira, yanapiga ukingo na kuchimba udongo hadi maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Ng'ombe wenyewe wakifika hapo wanakunywa wakiwa wamefumba macho.

Asubuhi kama hizo tilapia hujificha chini kabisa, hataki kitu. Kambare ndiye hana adabu. Mawimbi yakichimba ukingo yeye huja kula yanachofukua, hapo hapo karibu, unaweza kumpata bila kulowa magoti. Ndiyo maana sisi tunaovua tukiwa nchi kavu hatuogopi baridi. Ni miezi yetu.

Vifaa vyetu si vya kuonyesha mtu. Mshipi umezungushwa kwenye kopo la maziwa, ndoana moja, matumbo ya kuku, na kitu kizito cha kuupeleka mbali. Kizito changu ni nati ya lori, mwanangu Kyalo aliniletea kutoka Emali anakotengeneza magari. Unaizungusha juu ya kichwa mara tatu, unaiachilia, unaomba isimpate mtu.

Halafu kuna punda. Hapa msikilize vizuri, maana kosa lote limelala hapa.

Baridi ikizidi vidole havisikii. Samaki anaweza kuja, akala chambo, akashiba, akaaga, na wewe umesimama tu na mshipi mkononi kama mtu aliyeshika kamba ya kuanikia nguo. Kwa hivyo wa kwetu tunaufunga mshipi kwenye tandiko la punda. Unapakia mitungi ya maji kwanza, ili awe mzito asimame imara. Unamfunga kwa kamba kwenye kisiki. Unaficha mikono kwapani ndani ya leso na kumtazama masikio. Samaki akigusa, sikio la upande wa maji linageuka. Akivuta, masikio yote mawili yanalala nyuma. Na mtu akitokea ghafla, wewe ni mama aliyekuja kuchota maji, si mvuvi. Punda wangu anaitwa Sajini. Miaka sita sasa, masikio yake hayajawahi kunidanganya. (Uongo wa leo ulitoka kwangu. Tutafika.)

Mtauliza, kwa nini nisivue na mashua kama watu wengine?

Nilipanda mashua mara moja. Ilikuwa ya Kilonzo. Huyu Kilonzo ndiye mwenyekiti wa kamati ya bwawa, na wakati ule alikuwa mwenyekiti, na nafikiri akizikwa atachaguliwa huko pia. Tulikuwa sita, na mbuzi ambaye Mzee Ngui alitutuma tumuuzie, tunavuka kwenda soko la ng'ambo. Tumeshaketi. Kilonzo akaja na mifuko minane ya simiti ya duka lake, akaipakia mwenyewe katikati yetu. Mume wangu Mutisya alikuwa ameketi mbele kabisa. Akageuka akamwambia, "Mwenyekiti, hii mashua imeshiba."

Kilonzo akasema, "Mutisya, wewe ni fundi wa viatu. Maneno ya mashua niachie mimi."

Akaisukuma kwa mguu. Yeye akabaki nchi kavu.

Tulifika katikati. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyetoka ni mimi, na mbuzi. Mbuzi alinitangulia kufika.

Baadaye Kilonzo aliambia watu kwamba mashua ilipinduka kwa sababu wanawake walisimama. Wanawake tulikuwa wawili, na mwenzangu hawezi tena kujibu. Kwa hivyo wanawake waliosimama ni mimi. Watu wakanipa pole, wakaniletea unga, halafu wakaanza kunipisha njia kidogo nikipita, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika. Hakuna aliyemwuliza Kilonzo kuhusu simiti. Alinunua mashua nyingine, kubwa, akaipaka rangi ya bluu.

Tangu hapo mimi na maji tunaongea nikiwa nchi kavu. Kuna mahali penye mawe, ukisimama hapo unatazama moja kwa moja pale tulipozama. Hapo ndipo ninapovulia. Sitaki kusema mengi kuhusu hilo. Nasema tu kwamba nikikosa pale mahali, sijui nitaenda wapi asubuhi.

Basi mwezi uliopita ng'ombe akakanyaga ndoana. Ng'ombe wa nani? Wa Kilonzo. Ndoana ya nani? Hadi leo haijulikani, lakini jina langu lilitajwa kabla ng'ombe hajainua mguu. Kamati ikakaa, ikatoka na amri: hakuna kuvua tena ukingoni, bwawa zima. Anayetaka samaki ajiandikishe avue na mashua. Mashua ni moja. Mnajua ya nani.

Wa ukingoni tuko wanne. Mimi na wazee watatu, na Mzee Ngui ndiye mkubwa wetu. Tulienda kwa chifu. Sitamsema chifu vibaya, alitusikiliza. Akasema, "Mkae mwezi mmoja bila kutia ndoana majini. Nisione, nisisikie. Mkiweza hivyo nitajua mnaweza kufuata sheria, na nitawapa ule upande wa mawe, mbali na ng'ombe. Mkishindwa, msirudi hapa."

Mwezi mmoja ulikuwa unaisha leo. Baraza lilikuwa la leo, saa nne, pale kando ya nyumba ya pampu. Na msemaji wetu ni mimi, kwa sababu wazee walisema mimi ndiye nisiyejua kunyamaza.

Saa moja asubuhi nilikuwa bwawani kuchota maji. Nilikuwa nimepanga kuchota, kurudi nyumbani, kubadilisha nguo, na kuja barazani nikiwa mtu. Upepo ulikuwa unavuma vibaya sana. Mawimbi yanapiga mawe, udongo unachimbika, na nikaona mkia. Pale karibu, kama hatua nane. Mkia mpana mweusi uligeuka na kuzama pole pole, kama mtu anayekuonyesha mgongo kwa makusudi.

Sitasema nilikuwa na njaa. Nyumbani kuna mbaazi za kutosha. Sitasema shetani alinisukuma, shetani ana kazi zake. Siku ishirini na tisa nilikuwa nimekaa na mikono magotini. Kopo la mshipi lilikuwa chini kabisa ndani ya kyondo, kikapu changu cha kamba, na matumbo ya kuku pia yalikuwa hapo. (Ndiyo. Mtu aliyeenda kuchota maji tu alikuwa amebeba matumbo ya kuku. Nyamazeni.)

Nikasema, mara moja tu. Ukungu ni mzito, hakuna atakayeona. Nikampakia Sajini mitungi minne, nikamfunga kwenye kisiki, nikafunga mshipi kwenye tandiko, nikazungusha nati, nikaachilia.

Nikaficha mikono. Nikatazama masikio.

Hata hayajageuka, simu inalia. Ni Mzee Ngui.

"Mama Kyalo, uko wapi?"

"Niko njiani." (Nilikuwa njiani ya nini, sijui.)

"Kuja haraka. Kilonzo ameleta baraza mbele. Chifu amefika, wameanza maombi."

"Si ilikuwa saa nne?"

"Ilikuwa. Kilonzo anasema chifu ana safari. Chifu anasema ni Kilonzo aliye na safari. Wewe kuja, mwaitu, mama yetu, sisi hatujui kuongea."

Andikeni hilo jina mara ya kwanza: Kilonzo. Kama saa ingebaki saa nne, mimi ningekuwa nimevuta, nimekosa au nimepata, nimerudi nyumbani, na leo nisingekuwa kichekesho cha simu zenu.

Nikafikiri haraka. Kuuvuta mshipi, kuuzungusha kwenye kopo na kuficha kila kitu kwa vidole vile vya baridi ni robo saa. Kumwacha Sajini pale ni dakika moja. Amefungwa, ana mzigo, ukungu umemfunika. Nitaongea dakika kumi, nirudi. Nikapanda mteremko mbio na gambuti zimejaa maji, nikiwa na sweta kinyume, nikijipanga maneno.

Nilipofika Kilonzo alikuwa anaongea. Alikuwa na koti zito la ngozi na skafu, ameketi karibu na chifu kama wamezaliwa pamoja. Mbele yao meza. Karani wa kamati, Wambua, alikuwa anarekodi kila kitu kwa simu, eti kwa ajili ya kumbukumbu. (Kumbukumbu hiyo sasa iko Emali, Kyuso, na mtu mmoja ameniambia iko Mombasa.)

Kilonzo akasema, "Mimi sina neno na watu wa ukingoni. Ni watu wetu. Lakini sheria bila nidhamu ni kazi bure. Nani atatuhakikishia kwamba hawa wameweza mwezi mzima?"

Chifu akaniangalia. "Mama Kyalo, jibu."

Mimi nikijua naongea ukweli huwa nakwama. Leo niliongea kama redio. Nilieleza juu ya mawe, nikasema tutaokota kila ndoana, nikasema tutaweka alama ya rangi ili ng'ombe wasipite. Niliona watu wanatikisa vichwa kukubali. Niliona chifu akifungua daftari na kuandika, na kwa pale nilipokuwa nimesimama niliweza kusoma neno la kwanza: Wapewe.

Hapo ningeketi. Mtu mwenye akili angeketi.

Kilonzo akasema taratibu, "Na wewe mwenyewe, mama? Mwezi mzima?"

Nikainua mkono. "Tangu mpige marufuku, mkono huu haujagusa mshipi. Mungu aliye juu anaona."

Nikadhani maneno yamewaingia. Nikaona mama mmoja wa mbele ameziba mdomo kwa leso, nikadhani anataka kulia. Halafu nikaona hawaniangalii mimi. Wanaangalia nyuma yangu, kule chini mteremkoni.

Kuna kitu lazima nieleze kwa wale wa mjini. Punda wa kwetu akishapakiwa maji anajua njia ya nyumbani. Humwongozi, unamwachilia tu, anaenda peke yake hadi mlangoni. Na kwetu ukimkuta punda wa mtu amefungwa na mzigo mgongoni na mwenyewe hayupo, unamfungua aende. Mnyama hasimamishwi na mzigo. Hata mtoto anajua. Mimi mwenyewe wiki iliyopita nilimfungua punda wa watu hivyo hivyo na nikajisikia mtu mwema hadi jioni.

Njia ya kutoka majini kwenda kwangu inapita kando ya nyumba ya pampu.

Sajini alitokea kwenye ukungu kwa mwendo wake ule wa polisi, kichwa mbele, mitungi minne inalia dum, dum. Watu wakampisha. Alipita katikati ya wanaume na wanawake, akapita nyuma ya meza, na kwa muda mfupi niliona kama Mungu ataninusuru, kwa sababu hakuna mtu anayeshangaa punda. Mshipi ni mwembamba, hauonekani. Punda akapita, akaenda zake.

Halafu, hatua thelathini nyuma yake, akaja kambare.

Alikuwa anateleza juu ya nyasi kwa tumbo, anaruka akikutana na jiwe, anaendelea. Sijui alikula saa ngapi. Labda nikiwa bado napanda mteremko. Alipita kwenye miguu ya kina mama, wakainua sketi. Mshipi ukashika mguu wa kiti cha Kilonzo, kiti kikazunguka, Kilonzo akashika meza, kambare akapinda kona na kusimama juu ya kiatu cha chifu. Sajini akahisi kitu kimekwama. Akasimama. Ni punda mwenye heshima.

Hapo ndipo video inapoanza. Mkono wangu ulikuwa bado juu. Nilisahau kuushusha.

Chifu akaangalia kiatu. Akaniangalia mimi. Hakucheka, na ni afadhali angecheka.

"Mama Kyalo, hii samaki ni ya nani?"

"Sijui, Chifu."

"Na hii punda?"

"Punda wanafanana sana msimu huu wa baridi." (Nilisema hivyo. Mtasikia. Msimu wa baridi.)

Sajini, aliposikia sauti yangu, akageuka, akaburuta kiti cha Kilonzo kwa mshipi, akaja akaniwekea kidevu begani. Ndivyo anavyofanya kila asubuhi, kutafuta maganda ya mahindi kwenye kyondo. Nikamsukuma. Akarudi.

"Si wangu," nikasema, na mate ya punda yananitiririka shingoni.

Wambua akasogea na simu yake hadi kwenye mitungi. Mitungi ya kwangu nimeiandika jina kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, pande zote mbili, kwa sababu ya wezi. Akasoma kwa sauti, kama mtoto wa nasari. "Ma-ma. Kya-lo." Akazunguka upande wa pili. "Mama Kyalo." Akasoma yote minne.

"Labda imeibwa," nikasema.

Hapo baraza likavunjika. Watu walicheka hadi mzee mmoja akaketi chini kwenye matope. Na katikati ya hicho kicheko nikamsikia jirani yangu Syombua, mama mpole, hana neno na mtu, akisema, "Woi, ni mimi nilimfungua. Nilimkuta kwenye kisiki na mzigo, mwenyewe hayuko. Nikamhurumia. Kwani nimefanya vibaya?"

Nilitaka nimchukie Syombua. Nimejaribu tangu asubuhi. Sipati pa kushika.

Chifu akangoja watu wanyamaze. Akachukua kalamu. Nilimwona akipiga mstari juu ya lile neno, pole pole, mara mbili.

"Ukingo utabaki umefungwa," akasema. "Wote."

"Chifu, hawa wazee hawakufanya kitu. Ni mimi peke yangu."

"Mlikuja kwangu kama kitu kimoja, mama. Ulisema 'sisi'."

Nikageuka. Mzee Ngui alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Huyu ni mzee ambaye ameishi na samaki zaidi kuliko na watu, na sasa meno yake hayawezi hata mahindi.

"Mwezi mzima, Mama Kyalo," akasema. "Nimekula mbaazi mwezi mzima."

Hiyo sehemu haiko kwenye video, Wambua alikuwa anampiga kambare picha.

Halafu Kilonzo akasimama. Alikuwa amerudisha kiti chake, amejipangusa, ana uso wa mtu anayetoa sadaka. "Tusimwonee mama," akasema. "Mimi sina kinyongo. Nafasi iko kwa mashua. Hata kesho asubuhi, bila shida. Nitamkalisha mbele kabisa."

Mbele kabisa.

Sijui kama alikusudia. Sijui kama anakumbuka nani alikuwa ameketi mbele. Mimi nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha, hakukuwa na kitu cha kuogopa tena, na nikauliza swali ambalo sijawahi kuuliza mbele ya watu tangu nilipotoka kwenye yale maji.

"Kilonzo, kwa nini ulipakia simiti?"

Nilisikia mawimbi kule chini yakipiga mawe. Kambare akapiga mkia mara moja kwenye kiatu cha chifu.

"Mutisya alikuambia imeshiba," nikasema. "Ulimjibu ukiwa umesimama hapo chini, na mguu wako kwenye mashua. Nilikuwa nimeketi. Sote tulikuwa tumeketi. Kwa nini uliipakia?"

Kilonzo akamwangalia chifu. Chifu akaliangalia daftari lake, akapindua ukurasa, kama aliyekuwa akitafuta mahali swali hilo limeandikwa.

"Mama Kyalo," akasema, tena kwa upole, "hiyo haiko kwa ajenda ya leo."

Wakafunga kwa maombi.

Kambare alichukuliwa kama ushahidi. Mara ya mwisho kuonekana, ushahidi ulikuwa umefungwa nyuma ya pikipiki ya Kilonzo, unaelekea kwake, na mke wake alikuwa ametumwa kununua nyanya. Mimi nilirudi nyumbani na Sajini. Alitembea mbele. Alionekana kuridhika na kazi yake.

Kyalo amepiga simu kutoka Emali. Alianza, "Mama, huyo ni Sajini?" akashindwa kuendelea, alikuwa anacheka na wenzake wa gereji wanacheka nyuma. Nikamwacha acheke. Nilipomwambia niliyouliza mwishoni, nilimsikia akitoka nje ya gereji. Halafu akauliza, "Akajibu nini?" Nikamwambia ajenda. Akasema, "Mama, weka simu, nitakupigia." Hajapiga bado.

Sasa, mimi sijitetei. Nilidanganya, nikiwa nimeinua mkono, na nikadanganya tena na tena, hata punda akiwa amenilalia begani. Kesho naenda kwa Mzee Ngui kumwomba msamaha, na naenda na kuku, kwa sababu samaki sina. Syombua nimeshamwambia hana kosa. Wambua simwombi afute, video imeshaenda, chekeni, hata mimi nilipoangalia pale Sajini ananiwekea kidevu begani nimecheka kidogo.

Lakini nataka kitu kimoja, na ninakiandika hapa ili wale wanaosambaza wasambaze na hiki. Mimi nimeulizwa juu ya samaki mmoja. Nimejibu siku hiyo hiyo, mbele ya chifu, mbele ya kanisa, kabla ya saa nne asubuhi, na hukumu nimepewa. Kilonzo ana watu watano waliozama, na mmoja wao alikuwa fundi wa viatu, alikuwa ameketi mbele, na alimwambia. Naye asimamishwe pale pale, mkono juu, ajibu. Chifu, iandike kwenye ajenda. Siku chagua wewe, saa achague yeye kama kawaida yake.

Mimi nitafika. Nitakuja bila punda.